Siku ya Saba ya Mhudumu

Katika kisiwa cha Tongatapu, Jumapili hafanyi kazi mtu, ukiwaacha wauguzi, polisi na wachungaji. Maduka yanafungwa, ndege hazitui, na mtu akionekana shambani na jembe, majirani huulizana kama ana homa. Lakini katika shule moja ya bweni ya kanisa, upande wa mashariki wa kisiwa, alikuwepo mmoja aliyefanya kazi kila Jumapili bila aibu, ndani ya uzio, hatua hamsini kutoka madhabahuni. Hakuna aliyemkemea, kwa kuwa hakuwa mtu. Alikuwa programu ya kompyuta.

Watu wa fani hiyo huziita programu za aina yake pepo, kwa sababu hukaa ndani ya seva usiku na mchana bila kuonekana, zikingoja kuitwa. Toakase Vaipulu, mtunza kompyuta wa shule, aliona kwamba neno hilo halingependeza kwenye ripoti inayosomwa na mkuu wa shule ambaye pia ni mchungaji. Akaliacha, akaandika Mhudumu, na tangu siku hiyo Mhudumu akapata heshima zake. Alipiga kengele za vipindi. Alisoma matangazo kupitia vipaza sauti. Saa moja jioni aliwapigia wanafunzi wimbo wa sala, na mwanafunzi aliyetaka mazoezi ya somo fulani alimwomba kwenye ukurasa wa shule, naye akamletea.

Tatizo ni kwamba alileta chochote alichoombwa.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, ambaye jina lake halijajulikana mpaka leo na heri lisijulikane, aligundua kwamba ukiandika vizuri mahali faili lilipo, Mhudumu anakuletea bila kuuliza wewe ni nani. Akaomba mtihani wa hesabu. Akaletewa. Wiki iliyofuata kidato cha nne kizima kilipata zaidi ya tisini kwa mia, wakiwemo vijana wawili ambao mwalimu wa hesabu alikuwa ameshaacha kuwafundisha na kuanza kuwaombea.

Mchungaji Inoke Lavaka, mkuu wa shule, hakufoka. Alihubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya uaminifu, kisha akamwita Toakase ofisini, akammiminia chai, akamwuliza ilikuwaje mpiga kengele awe na ufunguo wa kabati la mitihani. Toakase akamweleza kwamba Mhudumu hakuiba ufunguo. Alipewa. Programu ikiwashwa hupokea mamlaka ya aliyeiwasha, kwa hiyo popote anapoweza kufika bwana wake, naye anafika.

“Basi mnyang'anye,” alisema Mchungaji.

Toakase akasema iko njia iliyo bora zaidi. Ndani ya moyo wa mfumo anaweza kuwekwa mlinzi. Kila faili hubandikwa lebo, na kila programu huandikiwa orodha ya lebo inazoruhusiwa kugusa. Kisichoandikwa hakiruhusiwi. Mlinzi hajali faili ni la nani wala nani kalitaka. Hata Toakase mwenyewe, mwenye nywila zote, akimtuma Mhudumu kwenye kabati la mitihani, mlinzi atatazama orodha, atatikisa kichwa, na ataandika kwenye daftari lake kwamba alijaribu. Mchungaji aliisikiliza habari hiyo kwa furaha iliyokuwa ikipanda kidogo kidogo. Mwishowe akauliza kama walinzi wa namna hiyo wanapatikana pia kwa ajili ya bweni la wavulana.

Ugumu ulikuwa mmoja tu: hakuna aliyejua kwa ukamilifu Mhudumu anafanya nini. Aliyemsimika ni kijana wa kujitolea kutoka New Zealand, aliyerudi kwao miaka mitatu nyuma akiacha kofia moja na maelezo sifuri. Ukimfunga bila kumjua, utamzuia asipige kengele, na shule nzima itakaa kwenye kipindi cha kwanza mpaka jua lizame. Kwa bahati nzuri mlinzi ana hali ya pili, ya kuandika bila kuzuia. Unamwambia amfuate Mhudumu kimyakimya, aandike kila mlango anaoufungua, halafu unalisoma daftari na kuligeuza kuwa orodha. Toakase akaahidi kumfuata wiki nzima na kumfunga kabla ya Sikukuu ya Watoto.

Alikuwa na sababu yake ya kutaka kazi hiyo iende salama. Sikukuu ya Watoto, ile ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, watoto wote huvaa nguo mpya nyeupe na kusimama kanisani mmoja mmoja kusema mistari waliyoikariri, na mwaka huu alikuwa akisema Pisila, binti wa miaka sita wa Folau, kaka yake Toakase. Aliyemfundisha ni bibi yake, mama yao Toakase na Folau. Bibi alikuwa Auckland kwa mwaka wa pili, amefungwa na mashine ya figo mara tatu kwa wiki, na kwa kuwa mashine hiyo Tonga haikuwepo, hakuna aliyethubutu kutaja tarehe ya kurudi. Gauni la Pisila alilishona kwa mkono akalituma kwa abiria wa ndege. Mistari kumi na mmoja alimfundisha kwa simu, kila jioni. Mtoto akikwama, bibi alimtajia neno kutoka upande wa pili, na wakaendelea. Kilichobaki ni kumsikia. Na njia ya kumsikia ilikuwa Mhudumu, aliyerusha ibada ya shule hewani kwenda kwa familia mia tatu na zaidi zilizotawanyika Auckland, Sydney na Utah.

Jumatatu alfajiri Toakase alimweka mlinzi kazini. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Mhudumu akapiga kengele, akasoma matangazo, akaimba, akagawa mazoezi, na mlinzi akaandika. Jumamosi saa nane mchana daftari lilikuwa na mistari mia mbili na kumi na miwili. Toakase aliisoma yote, akafuta iliyojirudia, akaandika sheria, akambadilisha mlinzi kutoka kuandika hadi kuzuia. Akajaribu kengele: ikalia. Akajaribu wimbo: ukaimba. Akaomba mtihani wa hesabu, akanyimwa kwa adabu. Akampelekea Mchungaji habari kwamba Mhudumu amefungwa barabara, akarudi nyumbani kukuna nazi na kufunga nyama ya kopo kwenye majani ya magimbi kwa ajili ya tanuri la ardhini la kesho yake. Mchungaji akakifunga chumba cha kompyuta na kutia ufunguo mfukoni, kama alivyofanya kila Jumamosi, asije mtu akavutwa na kazi siku ya Bwana.

Jumapili saa tatu kasoro dakika chache kanisa lilikuwa limejaa mpaka ngazini. Watoto walipangwa mbele kwa kimo, wafupi kwanza, na wa kwanza kabisa, akiwa ameshikwa mabega asigeuke nyuma kila mara, alikuwa Pisila. Toakase, na mkeka wake mpya kiunoni, ule Watonga wanaojifunga juu ya nguo kwa heshima, alikaa karibu na mlango. Kengele ya mwisho ikalia. Alitazama maikrofoni ya mimbari, mahali ambapo taa ndogo nyekundu huwaka matangazo yanapoanza kuruka.

Haikuwaka.

Akangoja. Saa tatu ikapita. Akatoka polepole kwa heshima mpaka mlangoni, kwenye kapu la simu, maana simu haziingii kanisani tangu ile ya mwalimu wa hesabu ilipoimba katikati ya sala ya maombezi. Akaitoa yake. Ujumbe wa mama yake ulikuwa juu kabisa: “Mwanangu, mbona kimya?”

Hapo Toakase akaelewa, yote kwa mara moja. Kijana wa New Zealand alikuwa amempangia Mhudumu kazi moja ambayo haikuhitaji kuguswa na mtu: kila Jumapili saa tatu afungue maikrofoni ya kanisa. Kwa miaka mitatu ilikuwa ikijiendesha, na kisichoguswa hakikumbukwi. Yeye alikuwa amemfuata Mhudumu siku zote za kazi. Jumapili si siku ya kazi. Katika Tonga yote aliyeiona kuwa siku ya kazi alikuwa ni huyo mmoja aliyefungwa.

Alimkuta Mchungaji kwenye kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, akinyoosha kola. Akamwambia Mhudumu hatoi sauti nje.

“Ameharibika?”

“Hapana, Mchungaji. Anatii. Niliandika mwenendo wake wiki nzima.”

“Wiki nzima.”

“Jumatatu mpaka Jumamosi.”

Mchungaji Inoke aliiacha kola. Alikuwa amefundisha kitabu cha Mwanzo kwa miaka thelathini. “Toakase, binti yangu,” akasema, “hizo ni siku ngapi?”

“Sita,” alisema Toakase. Mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa kumkandamiza aliyekwisha anguka, akasema jambo rahisi: amfungulie tu Mhudumu, kwa saa mbili, na kesho amfunge tena. Toakase alikuwa ameshaliwaza hilo njiani. Ilikuwa amri moja fupi, na mlinzi angesinzia. Lakini mitihani ya Jumanne ya vidato vyote ilikuwa kwenye kabati lilelile.

“Wanafunzi wote wako hapa,” alisema Mchungaji. “Wamehesabiwa vichwa.”

“Wazazi hawajahesabiwa. Familia mia tatu ziko kwenye ukurasa wetu sasa hivi, Mchungaji. Kimya kimewachosha, na vidole havina kazi.”

“Mzazi hawezi kufanya jambo kama hilo.”

Toakase akainua nyusi.

“Anaweza,” alisema Mchungaji.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa chumba cha kompyuta, akauweka mezani kando ya Biblia. Kisha akaeleza, kama anayezungumza na ukuta, kwamba kabla ya ibada ana desturi ya kusali peke yake, macho yakiwa yamefumbwa, na kwamba leo sala ingekuwa ndefu kidogo. Akafumba macho. Alipoyafumbua, meza ilikuwa na Biblia peke yake.

Chumba cha kompyuta kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa nyasi, na Toakase alikimbia kadiri mkeka wa kiunoni unavyomruhusu mtu mzima kukimbia. Daftari la mlinzi lilikuwa na mstari mmoja mpya. Saa tatu kamili Mhudumu aliomba maikrofoni. Alikataliwa. Akakaa chini.

Toakase akaandika sheria: Mhudumu aweza kusikiliza maikrofoni ya kanisa. Aweza kusikiliza tu, asibadilishe chochote. Akampa mlinzi, akamwasha Mhudumu upya. Mhudumu akachukua maikrofoni, akapiga hatua moja, akakataliwa tena. Safari hii alitaka kuandika kwenye folda ya kumbukumbu, kwa sababu yule kijana alikuwa amemzoesha asirushe ibada asiyoihifadhi. Hii ndiyo adha ya kumjua mtu akiwa tayari kifungoni: unauona mlango mmoja tu, ule aliougonga. Wa nyuma yake huuoni mpaka ufungue huu. Angemfuata Jumapili moja tu wakati mlinzi alipokuwa akiandika bila kuzuia, milango yote ingejipanga yenyewe mstarini. Akaandika sheria ya pili, folda hiyo na si nyingine. Akawasha.

Kupitia dirishani ilisikika kwamba wimbo wa ufunguzi umekwisha. Mchungaji aliyarefusha maneno yake ya kufungua, pengine kuliko kawaida yake yote, lakini bado yakaisha.

Mlango wa tatu: Mhudumu alitaka kutoka nje, kwenda kwenye kituo kimoja kule Auckland kinachogawa sauti kwa wasikilizaji. Toakase akaandika sheria. Akaisoma. Akaona ameandika kwa haraka kiasi kwamba ingempa Mhudumu ruhusa ya kuzungumza na dunia nzima, pamoja na kila aliyekuwa akitafuta mitihani ya bure. Akaifuta, akaandika anwani ya kituo kile peke yake, akaisoma tena herufi kwa herufi. Alipokuwa akisoma, kanisani kulikuwa na utulivu na ndani yake sauti ndogo kali ambayo maneno yake hayakufika. Halafu kicheko laini, kisha ule mlio ambao hutoka kanisa zima likipenga kamasi kwa pamoja. Toakase alijua ni nani aliyemaliza kusema.

Akabonyeza. Mhudumu akapita milango yote mitatu. Wasikilizaji kumi na wawili, themanini, mia tatu na kumi na mmoja. Akaomba mtihani wa hesabu, ili kuwa na uhakika. Akanyimwa.

Simu ikatetemeka. “Sasa nasikia. Kuna mvulana anasema habari za Yona. Pisila bado?”

Angeweza kueleza habari za lebo, orodha na siku sita, na mama yake angesema hapana neno, mwanangu, na angeyazima matangazo na kukaa tu. Toakase akaandika, “Bado, Mama.” Ilikuwa Jumapili, ndani ya eneo la kanisa, naye akiwa amevaa nyeupe kuanzia juu hadi chini. Akautuma. Sasa ilibaki kuufanya uwe kweli.

Aliingia kanisani akiwa ameinama, kama inavyompasa anayepita mbele za watu, mpaka kwenye benchi la mbele. Pisila alikuwa ameketi kati ya wazazi wake na shada la peremende alilozawadiwa shingoni, moja tayari mdomoni, akiwatazama wenzake waliokuwa bado kwenye foleni kwa huruma ya mtu aliyekwisha vuka.

“Utasema tena,” Toakase alimnong'oneza.

“Nimeshasema.” Peremende ikahamia shavu la pili. “Sikukosea hata neno.”

“Najua. Bibi hakusikia.”

“Kwa nini?”

Yapo maneno mengi ya kiufundi ambayo mtoto wa miaka sita hawezi kuyahoji, na Toakase aliyajua yote. “Nilisahau Jumapili,” alisema.

Pisila alimtazama kwa mshangao, kama unavyomtazama mtu aliyesahau kuja na kichwa chake. Alikuwa akijiandaa kukataa, ilionekana usoni, ndipo mama yake alipoinama na kumwambia sikioni kwamba shangazi amesema. Mjadala ukaishia hapo. Mtoto wa Kitonga anaweza kumbishia baba, na akiwa jasiri anaweza kumbishia mama, lakini dada wa baba habishiwi na mtoto, wala na baba wa mtoto. Folau, mwanamume wa kilo mia na thelathini, alikuwa ameshaanza kumsukuma binti yake kwa goti, huku macho yake yakiwa kwenye dari, maana kaka wa heshima hamkodolei macho dada yake kanisani.

Mchungaji aliona. Mvulana wa Yona alipomaliza, akasema tu kwamba mtoto wa kwanza atarudia, kwa ajili ya walio mbali.

Pisila alitoa peremende mdomoni, akaitazama apate pa kuiweka, akaiweka kwenye kiganja cha shangazi yake. Akapanda. Akashusha maikrofoni kwa mikono miwili.

“Bibi,” alisema, “hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza nilisema vizuri sana, ila hukusikia, shangazi Toakase alisahau Jumapili. Sasa nasema tena.”

Kicheko kilianzia mabenchi ya nyuma, kwa wavulana wa kidato cha nne, kikapita kwa walimu, kikafika mpaka kwa Mchungaji, ambaye aliinamisha kichwa kama mwenye kusali lakini mabega yalimsaliti. Toakase alisimama kando ya mimbari na peremende ikimnata mkononi, akiuwaza ule ujumbe wake wenye neno “bado.” Sasa uwongo wake ulikuwa Auckland, Sydney na Utah, na aliyeubeba kwa uaminifu bila kupoteza hata silabi alikuwa Mhudumu, kwa ruhusa aliyomwandikia yeye mwenyewe.

Pisila akaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, sauti imenyooka. Kwenye mstari wa saba akasimama.

Hakuna aliyeweza kumsaidia, kwa kuwa mistari ilichaguliwa na bibi na ilifundishwa kwa simu, na hata mama yake alijua nusu nusu. Pisila hakutazama watu. Aliitazama maikrofoni, akasogea, akaiegemezea sikio. Akangoja, kwa utulivu kabisa, kama alivyongoja kila jioni.

“Sikusikii, Bibi,” alisema hatimaye. “Naanza upya.”

Akaanza upya, kutoka juu, na safari hii akapita mstari wa saba kama haukuwahi kuwepo, akafika wa kumi na mmoja, akashuka, akanyoosha mkono kwa shangazi yake adai peremende. Hakuna aliyecheka. Wanawake walikuwa wakitafuta leso.

Baada ya ibada Toakase aliketi ukutani nje ya kanisa kabla ya kwenda kufukua tanuri, akafungua simu. Mama yake alikuwa ameandika ujumbe mara tatu. Wa kwanza ulisema, “Bado, eh.” Wa pili ulisema kwamba binti yake amefanya kazi Jumapili na kusema uwongo Jumapili, kwamba wataongea, na kwamba hata hivyo yeye amemsikia Pisila mara moja na nusu, kiasi ambacho familia nyingine hazikupata.

Wa tatu ulikuwa mfupi. “Mwambie nilimjibu. Pale kwenye mstari wa saba nilimtajia neno kwa sauti, nikarudia, mpaka jirani akagonga ukuta.”